Usibaki Nyumbani kwa Ajili Yangu

Nyakato, Mwanza
Jumamosi, alasiri

Mwanangu Nyasatu,

Umekwenda Igoma kumuaga shangazi yako, na mama yako yuko uani anaanika blanketi lako lisije likasafiri na harufu ya sanduku. Nyumba imetulia. Nimeona nikuandikie sasa, maana tukikaa ana kwa ana mimi na wewe huwa naishia kuzungumzia mvua.

Mambo ya ndoo, sabuni, shuka na namna ya kuishi na wenzako bwenini mama yako amekwisha kukuambia, tena zaidi ya mara moja. Sitayarudia. Utanisamehe mwandiko. Unajua dawa hizi zinavyonitetemesha mikono, na leo inatetemeka kuliko jana.

Juzi tulipokuwa tunachambua dagaa uliniuliza mambo mawili. Uliuliza kama si afadhali uahirishe chuo mwaka huu, ubaki nyumbani. Halafu, bila kuinua macho, ukasema, "Baba, huu ugonjwa wako, na mimi nitaupata?" Nilinyamaza. Ukadhani nimekasirika, ukaanza habari za harusi ya jirani. Sikukasirika, mama. Sikuwa na jibu fupi, na siku hizi jibu refu linanishinda kulisema. Nachoka katikati.

Nianze mbali kidogo, kwa sababu mengine uliyaona ukiwa mdogo na sijui uliyaelewaje.

Unakumbuka nilikuwa fundi wa mitambo kiwandani. Nilianza kijana, nikazoea kelele za mashine za kufumia mpaka nikawa nasikia ipi inaumwa kabla haijasimama. Tulifanya kazi kwa zamu, wiki hii mchana, wiki ijayo usiku. Hata wakati ule, wiki za usiku zilinibadilisha. Nilikuwa narudi asubuhi sina usingizi, nina furaha, napiga deki nyumba nzima, naimba. Mama yako alikuwa anacheka. Zikija wiki za mchana nilikuwa nanuna, chakula hakipiti, tunasema ni uchovu wa kazi. Kumbe ugonjwa ulikuwa umekwisha kuingia ndani, umekaa, unasubiri.

Kisha ikaja miaka ile ya soko huria. Kiwanda kikawa hakina pamba ya kutosha, mara umeme, mara vipuri, na mitumba imejaa sokoni kila mahali. Wakaanza kutupunguza. Jina langu lilisomwa pamoja na la Mafuru, rafiki yangu, siku moja. Tulitoka getini, tukatembea mpaka barabara kuu ya Musoma. Mafuru alikwenda nyumbani akalala siku mbili. Mimi sikulala kabisa.

Hapo ndipo ilipoanzia, na nataka uelewe vizuri, kwa sababu hakuna mtu aliyejua kwamba naumwa. Miaka ile kila mtu alikuwa anaongea haraka. Kila kitu kilikuwa ruksa. Mwalimu alikuwa anauza maandazi, karani anauza mitumba, watu waliokuwa hawajawahi kugusa samaki wanazungumza habari za sangara na viwanda vya minofu na Ulaya. Mtu akikuambia ana mipango kumi unamwona mwerevu. Mimi nilikuwa nayo ishirini. Nilichukua kiinua mgongo changu nikanunua boti na nyavu, nikaajiri vijana, nikaahidi magari ya barafu sehemu ambazo hazina hata barabara. Alfajiri nilikuwa nagonga milango ya watu kuwaeleza. Wengine walinikaribisha chai, wakasema, huyu ndiye mwanamume, amefukuzwa kazi na hakulia.

Nami nilijisikia vizuri. Hili ndilo gumu kulieleza kwa mtu mzima wa afya. Sijawahi kujisikia vizuri vile, si kabla wala baada. Rangi za vitu zilikuwa kali. Nikiliangalia ziwa naona kama limewekwa pale kwa ajili yangu. Mtu akikuambia wakati huo kwamba unaumwa, unamhurumia.

Katika siku hizo niliuza cherehani ya mama yako. Aliporudi kutoka kanisani alikuta meza tupu. Nilimwambia nitamnunulia nne. Alikaa kitandani na kofia yake ya kwaya mkononi. Mpaka leo hajawahi kuitaja ile cherehani. Sijui kama ni msamaha au ni uchovu.

Ya pale kivukoni Kigongo unayakumbuka mwenyewe. Ulikuwa darasa la sita. Nilikuwa nimekwenda kungoja samaki kutoka upande wa Busisi, kivuko kikachelewa, magari yakajipanga. Nikaanza kuyapanga upya. Nikapanda juu ya ngazi ya lori, nikawatangazia watu kwamba wasihangaike tena na kivuko, mimi ninajenga daraja kutoka hapa hadi kule ng'ambo, watapita kwa miguu. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Daraja juu ya maji yale! Kisha wakachoka kucheka, na dereva mmoja akanishika mkono kwa nguvu, nami nikamsukuma. Ndipo mtu anayenijua alipotuma habari Nyakato.

Mama yako alifika na wewe. Alinisihi, akalia, akanitajia jina la marehemu baba yangu. Niliendelea kuongea. Wewe ulikwenda ukaokota viatu vyangu, maana nilikuwa nimevivua na kuvitupa, ukaja navyo mpaka miguuni pangu. Ukasema, "Baba, mimi nimechoka. Nipeleke nyumbani." Hukuniambia niache. Hukuniambia naumwa. Nikashuka, nikavaa viatu, nikakupeleka nyumbani. Nilidhani ni mimi ninayekupeleka.

Watu walikusifu kwa siku ile. Nami nilikusifu, nilipopata akili. Sasa naona tulikubebesha mzigo siku hiyo, na tuliendelea kuuongeza.

Baada ya hapo nilianguka. Nililala nimeelekeza uso ukutani majuma mengi. Boti ilikwenda, nyavu zilikwenda, vijana walikuja kudai wakamkuta mama yako mlangoni. Mimi nilisikia sauti zao kama zinatoka nyumba ya mtu mwingine. Baba yako mkubwa alikuja kutoka Majita, akasema nimerogwa na watu wa mwaloni, pale wavuvi wanaposhushia samaki, walioona boti yangu, akataka anipeleke kwa mganga anayemwamini. Akina mama wa kanisa walikuja kuniombea, wakiimba polepole ili wasinichoshe. Sikumkatalia yeyote, sikuwa na nguvu za kukataa. Mama yako ndiye aliyesema kwamba waombao waendelee kuomba, na anayetaka kwenda kwa mganga aende mwenyewe, ila yeye ananipeleka hospitali. Baba yako mkubwa alikasirika, hakulala kwetu. Mwaka uliofuata alikuja na mbuzi, tukaelewana.

Daktari tuliyemkuta alikuwa mama mmoja mnene, mpole, anaandika huku akikusikiliza. Nilitegemea aniulize habari za uchawi au za bangi. Aliniuliza, "Usingizi ulianza kuondoka lini?" Mama yako akajibu kwa niaba yangu, akaanzia zamu za usiku, akaeleza miaka mingi ambayo mimi nilidhani haikuwa na kitu cha kueleza. Daktari alisema ugonjwa huu una jina refu, lakini maana yake ni kwamba moyo na akili ya mtu vinapanda kupita kiasi, halafu vinashuka kupita kiasi. Alisema hauponi kama malaria. Mtu anaishi nao. Kisha akasema neno ambalo nimelitafuna tangu siku ile: kwamba shida za maisha haziuleti ugonjwa huu peke yake, lakini ndizo zinazoufungulia mlango, na mlango wenyewe ni usingizi.

Nilikunywa dawa, nikapata nafuu, nikaziacha. Usishangae. Karibu kila mtu huziacha mara ya kwanza. Nilijiona mzima, na mtu mzima anakunywa dawa ya nini? Tena zilikuwa zinanifanya mzito, nina kiu siku nzima, mkono hauwezi kushika bisibisi vizuri. Mwaka haukuisha nikarudi kulekule juu, kisha kulekule chini. Mara ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza, kwa sababu safari hii nilijua ninakokwenda. Kuna jioni moja nilimwambia mama yako kwamba ninyi mtaishi vizuri zaidi bila mimi. Aliita Mafuru, wakakaa nami kwa zamu mpaka hali ile ikapita. Nakuandikia hili kwa sababu wewe ni mtu mzima sasa, na kwa sababu nataka ujue kwamba inapita. Ukiwa ndani yake unaapa kwamba haitapita. Inapita.

Tangu hapo nimejifunza kuishi maisha madogo. Sikuyapenda. Unakumbuka ugomvi wetu na mama yako kuhusu ile kazi ya ulinzi kwenye kiwanda cha minofu? Ulikuwa kidato cha pili, ulijifanya unasoma. Mshahara ulikuwa mzuri, na karo yako ilikuwa inadaiwa. Nilikataa kwa sababu ilikuwa kazi ya usiku. Mama yako alisema wanaume wote wa mtaa huu wanakesha kwa ajili ya watoto wao, mimi tu ndiye ninayetaka kulala. Nilimwambia, "Nikikesha mwezi mmoja, mtanifuata Kigongo tena." Kesho yake alikwenda kuomba kazi ya kushona kwa fundi mwingine, kwenye cherehani ya watu. Nami nikaungana na Mafuru kwenye kibanda chake cha baiskeli Igoma, mchana, jua likizama tunafunga. Fundi wa mitambo mikubwa, sasa naziba pancha. Wale niliokuwa nawaelekeza kazi kiwandani walikuwa wanapita wanageuza uso ili wasiniaibishe. Ile aibu ilinisumbua miaka miwili hivi, kisha nikachoka nayo, ikaondoka.

Nilijiuzulu uenyekiti wa kamati ya ujenzi kanisani, kwa sababu kila kikao kilikuwa na ugomvi na kila ugomvi nilikuwa nakuja nao kitandani. Mchungaji alisikitika. Nikamwambia nitabeba matofali. Fedha anakaa nazo mama yako. Nikipata wazo zuri sana, la kufanya mwili usisimke, siliamini mpaka nimelala nalo mara kadhaa na kumweleza mtu ambaye si mwepesi wa kufurahi. Mawazo mengi mazuri hayafiki hapo. Pombe nimeiacha, si kwa wokovu, ni kwamba inanidanganya kwamba nimelala. Na siku ambazo kila kitu kinanibana, mwenye nyumba, mvua, madeni, kelele, huwa namwambia mama yako waziwazi kwamba leo nimebanwa. Zamani nilidhani mwanamume akikaa kimya ndiyo anawakinga watu wake. Hakuna aliyekingwa na kimya changu.

Haya si maagizo kwako. Nakuambia tu nilivyopita.

Sasa swali lako. Nilimpelekea daktari yuleyule, mwaka jana, nawe ulikuwa hujaniuliza bado. Nilijua utauliza. Alisema inawezekana. Watoto wa watu kama mimi huupata zaidi kidogo kuliko watoto wa wengine, lakini wengi hawaupati, na hakuna kipimo cha kukuambia wewe uko upande gani. Hilo ndilo jibu, mwanangu. Ningependa kukupa zuri zaidi. Chuoni kutakuwa na mitihani, wenzako watakesha na kahawa, na wewe utataka kukesha nao. Mtu akikosa usingizi kwa sababu ya kusoma, akapata nafasi akalala, huyo ni mwanafunzi. Ila ukiona usingizi umekukimbia na wala huuhitaji, unajisikia mwepesi na kila mtu anakuwa mzito kwako, au ukiona siku zinapita huwezi kuinuka na hujui kwa nini, nenda kwa matroni siku hiyohiyo umwambie, "Baba yangu ana ugonjwa huu na huu." Nitaje. Nimekupa ruhusa. Usinifiche kwa heshima.

Na usipoona lolote, ishi. Usikae unajipima kila asubuhi.

Maana kujipima huko najua ulikojifunzia. Umekuwa ukinipima mimi tangu darasa la sita. Ukitoka shule ulikuwa unasimama kwanza mlangoni unisikilize ninavyoongea, ndipo uweke madaftari chini. Uliacha kucheza netiboli, nasi tukadhani umekua. Mwaka jana Mafuru alinisimulia kisa cha mteja wake mmoja na jogoo, nikacheka sana pale uani. Ulitoka jikoni mbio, mikono ina unga, uso umebadilika. Nikakuambia, "Nacheka tu, mama." Ukasema, "Najua, Baba," ukarudi jikoni. Lakini hukuwa unajua. Nilikaa pale na kicheko kikanikauka. Nikawaza, huyu mtoto hajawahi kusikia babake akicheka bila kuogopa.

Kwa hiyo hapana, hutaahirisha. Nilizungumza na Mafuru wiki hii tukiwa kazini. Nilimwambia kwamba unaondoka, na kwamba akiniona naongea kupita kiasi aniambie usoni, na nisiposikia amwambie mama yako. Alikuwa anakaza spoki, hakuinua kichwa. Akasema, "Siku utakayosifu biashara hii, ndipo nitakapojua umeanza." Tukaendelea na kazi. Yeye na mama yako wanatosha. Nimekwenda pia kwa daktari, amenipa dawa za kutosha, na amejua kwamba miezi hii ya kukuaga itakuwa mizito kwangu. Mimi si mtoto wako, Nyasatu. Ulinilea vizuri, lakini sasa basi.

Ukituandikia, tuandikie habari za Tabora. Tuandikie juu ya chakula kibaya na walimu wakali na msichana atakayekuwa rafiki yako. Nataka kusoma barua nzima isiyoniuliza ninalalaje. Nikiumwa, mama yako atakuandikia ukweli, tumekubaliana hivyo, hatutakuficha. Nawe ukipata habari hizo usipande treni. Maliza mtihani wako kwanza.

Limebaki jambo moja, nimekuwa nalizungukazunguka tangu nianze kuandika. Treni ya kesho inaondoka usiku, na unajua treni zetu, inaweza kukaa pale stesheni mpaka karibu na alfajiri. Nimewaza sana. Nilitaka nikubebee sanduku, nikutafutie kiti cha dirishani, nisimame pale mpaka behewa la mwisho lipotee kama wanavyosimama baba wengine. Nimekosa usingizi kwa siku tatu hizi nikiwaza, na unajua maana yake. Mama yako na Mafuru watakusindikiza. Mimi na wewe tutaagana hapa nyumbani, baada ya chakula, kungali na mwanga. Nitakunywa dawa zangu na kwenda kulala.

Usione ni kukosa mapenzi. Wenzako watakuwa na baba zao pale dirishani wakiwapungia mikono. Wewe, treni itakapoanza kusogea, ujue nyumbani hakuna anayehangaika gizani. Baba yako amelala.

Ni mimi, ninayejivunia wewe,
Baba